Mwisho wa Upande B

Nilikuwa nachagua mawe kwenye mchele redio ilipoanza kusoma matangazo ya vifo, na kama kawaida yangu nilikuwa nayajibu. Huyu nilimjua. Huyu alikuwa na roho safi. Huyu Mungu amrehemu, lakini alikuwa mkono birika. Sokoni wananiita Redio kwa sababu hiyo hiyo, mdomo wangu hauna mlango. Kisha msomaji akamtaja mama mmoja wa Gachoka, mamake Ireri, binti wa marehemu mzee aliyejulikana pande zile kwa kupiga zeze, na mdomo wangu ukajifunga wenyewe. Nilikaa na sinia mapajani mpaka mjukuu wangu akaniuliza, "Shosho, kwani umelala?" Sikuwa nimelala. Nilikuwa nimeona haya, mchana kweupe, jikoni mwangu, na hakuna aliyekuwa amenisema. Nikaenda chumbani nikavuta sanduku la bati kutoka chini ya kitanda. Watoto wangu wanajua lina vyeti, na kweli lina vyeti. Chini ya vyeti lina kanda moja ya kaseti, imefungwa kwa kitambaa, na huo ndio mwaka ninaotaka kuueleza.

Mambo ya ukoo, nani alimzaa nani, tuyaache. Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini, nimetoka shule na cheti cha kufungia sukari, nikapata kazi katika duka la kanda mjini Meru. Mwenye duka tulimwita Madam. Kwaya ikirekodi nyimbo zake ilileta kanda ya kwanza, ile tuliyoiita mama, nasi tukaizalisha kwa mashine mbili za kaseti kuanzia asubuhi mpaka jioni. Ukimaliza nakala unaandika herufi yako ndani ya karatasi ya jalada, pale inapokunjwa, ili kanda ikirudi na kelele Madam ajue ni ya nani. Yangu ilikuwa K, ya Kagendo. Nilipanga chumba kimoja Majengo, nyuma ya mabucha, ukuta wa mbao ambao ulikuwa ukuta kwa macho tu. Upande mmoja alikaa Mama Halima, aliyeamka kabla ya adhana kukanda unga wa mahamri, na upande wa pili vijana wawili wa kuuza miraa ambao hawakujua kunong'ona. Nilikunywa chai ya tangawizi kitandani huku nasikiliza habari zao zote. Mwaka huo habari ilikuwa moja tu: waabudu shetani. Ati wameingia shuleni. Ati wanatoa shilingi yenye damu. Ati ukipewa lifti angalia kama dereva ana kwato. "Wewe cheka," kijana mmoja akamwambia mwenzake, "lakini binamu yangu aliona." Binamu ya mtu alikuwa ameona kila kitu mwaka huo. Mimi pia niliamini. Sitaki mtu afikiri nilikuwa mjanja kuliko wengine.

Pale dukani tulikuwa wawili, mimi na Ireri. Ireri alikuwa Mmbeere wa Gachoka, mrefu, mpole, akicheka anafunika mdomo kwa mkono. Alikuja kazini na uji wa mtama uliochacha ndani ya chupa ya soda, nami nikamcheka kwamba nyinyi watu wa chini mnakunywa chakula cha ndege. "Kunywa kwanza ndio uongee," akaniambia. Nikanywa. Kufikia mwezi wa pili nilikuwa namaliza nusu ya chupa yake kila siku. Kabla ya kuja Meru alikuwa amefanya kazi ya mkalimani kwa mzungu mmoja aliyechimba visima kwao, kijana wa nywele ndefu kutoka nchi za baridi kali, na yule mzungu alipoondoka alimwachia kanda. Siku moja saa ya chakula Ireri alifunga mlango wa chumba cha nyuma, tukiwa na githeri yetu kwenye bakuli, akaiweka kwenye mashine.

Mwathani, Mungu wangu! Nilidhani mashine imeharibika. Ilikuwa ngurumo ya magitaa, kama mashine ya posho inaposaga mahindi mabichi, ngoma zinakimbizana nyuma, na juu yake mtu anapiga kelele kwa koo lililokauka, si kuimba, kulia. Niliweka kijiko chini. "Zima hiyo kitu, Ireri. Utatuletea mapepo." Akaniambia ngoja. Nikangoja kwa sababu nilimpenda kidogo, hilo nalo niliseme. Ngurumo ikakatika ghafla, na katikati ya kimya akatokea mtu anapiga zeze la namna yao, polepole, na bibi kizee anaimba bila maneno, sauti ya mtu anayeita mbuzi jioni. Kisha magitaa yakarudi yakipiga wimbo ule ule wa bibi, sasa kwa nguvu zote, na ndipo nikaelewa kwamba hata kelele za mwanzo zilikuwa ni wimbo huo huo. Malaika yalinisimama mikononi. Jalada lilikuwa na picha nyeusi na nyeupe ya msitu wenye theluji na mzee mmoja na fimbo yake. Jina la bendi liliandikwa kwa herufi kama mizizi ya mti, sikuweza kulisoma, na Ireri alisema hata kwao hakuna anayewajua, ni vijana wanne na gari bovu. Yule mzungu alikuwa amemweleza kwamba nyimbo hizo ni za mababu zao, za kuchunga na za kuzika, ambazo watu waliona haya kuziimba mpaka zikabaki kwa wazee wachache.

"Watu wanasema huyu ana hasira," Ireri akaniambia, akionyesha mashine kwa kijiko. "Hana hasira. Huyu analilia guka yake."

Guka yake mwenyewe, babu mzaa mama, alikuwa bado hai, mzee wa mizinga na zeze la uzi mmoja, la ngozi ya kenge na unywele wa mkia wa ng'ombe. Mjini wenzetu wangecheka zeze kama hilo. Ireri naye alikuwa ameona haya nalo shuleni, akanieleza, mpaka kanda ya mzungu ilipomfungua masikio. Basi mwezi wa Agosti akaazima redio ndogo ya kurekodia ya dukani, akaenda nayo kwao, akamrekodi guka akipiga chini ya ghala. Sauti hiyo akaiweka mwisho wa upande B, mara tu kelele ya mwisho ya vijana wa theluji inapoisha. Alitoa nakala mbili, akavunja vile vijino vya mgongoni ili mtu asirekodi juu yake, akaziweka kwenye kikasha cha viatu chini ya kaunta. Ile ya kwanza, aliyopewa na mzungu, alitembea nayo kwenye mkoba. Tuliisikiliza mara nyingi saa ya chakula. Guka anapiga, kuku wanapita, na karibu na mwisho mwanamke anacheka kwa mbali na kumwambia kwa Kimbeere, baba, uji wako unapoa. Guka hajibu. Anapiga mpaka amalize. "Huyo ni mama," Ireri alisema kila mara, kana kwamba sijaambiwa jana.

Mwezi wa Oktoba kwaya ya kanisa moja la Kinoru ilileta kanda mama yao, wanataka nakala kabla ya ibada ya Jumapili. Madam alikuwa amekwenda Nairobi kutafuta kanda tupu, zilikuwa adimu wiki hizo. Ijumaa mchana Ireri akapata habari kwamba guka amezidiwa. Alisimama mbele yangu na mkoba begani. "Kagendo, nifunike. Madam akiuliza, nilikuwa hapa. Jumatatu asubuhi nimerudi." Nikamwambia enda, kwani mimi si ndugu yako, nitakukataa? Hayo yalikuwa maneno yangu, nayakumbuka neno kwa neno.

Jumamosi alasiri nikapungukiwa na kanda mbili. Ningeweza kutembea mpaka upande wa pili wa soko nikaulize kwenye maduka ya Wahindi. Jua lilikuwa kali, nilikuwa na njaa, na Mama Halima alikuwa ameniahidi supu ya utumbo. Nikainama chini ya kaunta. Nilijua ni kanda gani. Nilikata selotepu, nikaziba vishimo alivyovunja Ireri kwa makusudi, nikajiambia ile ya kwanza anayo mkobani, nitamtolea nyingine wiki ijayo. Na hapo kulikuwa na sheria ya kazi ambayo Madam alitufundisha siku ya kwanza: wimbo ukiisha, acha kanda ijizungushe kimya mpaka mwisho wake, ifute kila kilichokuwemo. Kwaya ilikuwa na nyimbo chache, upande B ulibaki na kama dakika kumi. Sikungoja. Nilizitoa, nikaandika K kwenye majalada, nikafunga duka nikaenda kunywa supu.

Jumatatu saa mbili asubuhi mzee wa kanisa aliingia, Mzee M'Ikiugu, mtu wa koti hata wakati wa joto. Kanda ilikuwa mkononi mwake, bila jalada, imefungwa ndani ya leso, na aliishika kwa ncha za vidole. Madam alikuwa amerudi usiku wa Jumapili. Ireri alikuwa ameingia dakika kumi tu zilizopita, macho mekundu, guka amefariki Jumapili alfajiri. Hakuwa amemwambia mtu mwingine ila mimi.

Mzee alisimulia bila kukaa. Akina mama wa maombi walikuwa nyumbani kwake, wanasikiliza kwaya, wimbo wa mwisho umeisha, mtu anasema amina, na kabla amina haijafika chini shetani akapiga kelele ndani ya redio. Mama mmoja alizirai. Mwingine alimwagikiwa na chai. "Mimi mwenyewe niliisikia," alisema. Leo ningeweza kucheka, na wajukuu wangu wangecheka. Lakini yule mzee hakuwa mwigizaji, aliogopa kabisa. "Ni nani alirekodi hii?"

Madam akaiweka kwenye mashine, sekunde tano zikatosha. Ireri akaitambua kabla ya mtu yeyote. Aligeuka akanitazama mimi, si mzee. "Kanda ni yangu," akasema. "Lakini Jumamosi mimi sikuwa hapa. Nilikuwa Gachoka. Kagendo anajua."

Wote wakanigeukia. Nilifikiria chumba changu cha Majengo. Nilifikiria wale vijana wa miraa wakipokezana jina langu ukutani, msichana anayeishi peke yake, anayemrekodia shetani. Nilifikiria mshahara. Nisidanganye kwamba nilichanganyikiwa, akili yangu ilifanya kazi vizuri sana.

"Alikuwa," nikasema. "Jumamosi alikuwa hapa mchana wote. Mimi nilikuwa naandika majalada tu."

 Ireri alifungua mdomo, kisha akaufunika kwa mkono, vile alivyofanya akicheka. Mzee M'Ikiugu mwenyewe akafungua mkoba wa Ireri, akatoa ile kanda ya kwanza. Hapo ndipo Ireri alipoongea, haraka haraka, Kiswahili chake kikivunjika. "Mzee, tafadhali. Choma ile ya wazungu yote. Mwisho hapo ni guka yangu, amekufa jana. Niachie nikate hiyo kipande tu, kidogo tu." Mzee akauliza guka alikuwa anaimba wimbo gani wa kanisa. Ireri akasema hakuimba, alipiga zeze. "Basi ni yale yale," akasema mzee, na sikusikia ukali katika sauti yake, alisema kama daktari. Jumapili iliyofuata walizichoma zote mbili nyuma ya kanisa, pamoja na jalada la msitu wa theluji, baada ya kumwombea Ireri kwa kumwekea mikono. Madam alikuwa amemfukuza tangu Jumatatu. Mimi nilikuwepo kanisani. Niliimba.

Kanda ya pili ilikuwa bado nje, maana nakala za Ireri zilikuwa mbili na wanunuzi wengine wote walisema zao ni safi. Madam alinituma niifuate kwa mnunuzi wake, mwalimu mmoja karibu na uwanja wa Kinoru. "Na uje na jalada," akanikumbusha, "nione alama." Mwalimu hakuwa hata ameifungua. Nilikunjua karatasi pale pale njiani nikaona K yangu, nene, ya wino wa bluu. Nikarudi dukani nikamwambia Madam kwamba mwalimu ameshaichoma mwenyewe, na jalada lake. Jioni nilipofika chumbani nilikusudia kuitupa chooni. Badala yake nikaazima redio ya Mama Halima, nikapunguza sauti, nikapeleka kanda mwisho wa upande B. Kwaya ikaisha. Kijana wa theluji akalia kilio chake. Kisha guka, na kuku, na yule mwanamke anayecheka. Uji wako unapoa. Mama Halima akagonga mbao akauliza, "Hiyo nyimbo ya wapi, nzuri hivyo?" Nikasema ni redio tu.

Mtu ataniuliza, si ungempa? Ningempaje? Kumpa Ireri kanda ile ilikuwa ni kumpa alama yangu pia. Ningeweza kuchana jalada, bila shaka, hilo nililiona miaka mingi baadaye, na huenda niliona hata siku hiyo. Bado angeuliza nimeitoa wapi. Niliogopa swali hilo moja. Nikajiambia nitampa mambo yakitulia, na mambo yalitulia mapema sana, ni mimi tu sikutulia.

Mwezi wa Disemba mama mmoja aliingia dukani, kiondo mgongoni, vumbi jekundu mpaka magotini. Madam alikuwa nje. Alinisalimu kwa adabu, akauliza kama mimi ndiye Kagendo, kwa sababu mwanawe alinitaja sana. Hakuhitaji kujitambulisha. Sauti yake niliijua, nilikuwa nimeisikia wiki ile ile chini ya blanketi. "Mwanangu," akaniambia, "mimi si mtu wa kesi. Ireri amesema ni makosa ya kazi, yameisha. Ila baba yangu alirekodiwa, na mimi sikuwahi kusikia. Nimeambiwa nyinyi huwa mnatoa nakala. Hakuna hata moja imebaki, hata ile imeharibika?"

Nikamwambia, "Hakuna, mama. Zilichomwa zote."

Akatingisha kichwa kama mtu aliyetarajia. Kisha akafungua kiondo akatoa chupa ya asali, ya mizinga ya baba yake, mavuno ya mwisho. Nikakataa. Akanicheka, ule ule mcheko. "Sasa nirudi nayo Gachoka nikiwa nimeibeba hivi? Ireri alisema ulikuwa unampa githeri yako." Akaiweka juu ya kaunta, akajifunga leso, akaenda.

Nimeolewa, nimezaa, nimezika mume, nimehama vyumba sita, na kila mara lile sanduku nimelibeba mimi mwenyewe. Na bado sikwenda Gachoka. Ni saa tatu tu za safari. Nimekwenda Mombasa mara mbili.

Basi nilikwenda kuzika. Ireri nilimtambua kwa urefu. Amekuwa na mvi, ni fundi wa redio na simu pale sokoni, ana mke na watoto wazima. Mbele ya watu alinipa mkono akasema asante kwa kuja, na akaniletea chai mwenyewe. Nilingoja mpaka kaburi likafunikwa na watu wakaenda kupanga foleni ya chakula. Nikampa kile kitambaa. Alikifungua, akakunjua jalada, akaona K, akatabasamu kidogo.

"Hii nilijua toka siku ile," akasema. "Nilijua ni wewe. Nilikuachia zamani, Kagendo. Tulikuwa watoto, na watu walikuwa wameshikwa na woga."

Ningeweza kuishia hapo. Kwa nusu dakika nilikuwa mtu aliyesamehewa. "Sikiliza mwisho wa upande B," nikasema.

Akanitazama. Akaingia nyumbani akatoka na redio ya kaseti ya zamani, akaiweka kwenye kiti cha plastiki, na vidole vyake vilikuwa vizito, ikabidi mimi niiendeshe, kazi yangu ile ile. Kwaya ya Kinoru iliimba. Watu wawili watatu kwenye foleni wakageuka. Kilio kikaja, kimechakaa sasa, mtoto mmoja akacheka. Kisha zeze. Wazee waliokuwa wanakula wakasimamisha mikono. Na karibu na mwisho, yule mwanamke tuliyemfunika udongo saa moja iliyopita akacheka, akamwambia baba yake uji unapoa.

"Rudisha," Ireri akasema. Nikarudisha. Akasikiliza tena. "Rudisha." Mara nne.

Halafu akazima mwenyewe. "Mama alikuja kwako dukani."

"Alikuja."

"Alikuuliza hii."

"Aliniuliza. Nikamwambia hakuna."

Hakupandisha sauti. Watu wakubwa pale hawapigani mahali pa kilio, na mgeni husindikizwa hata awe nani, kwa hiyo alinisindikiza mpaka kwenye lami, hatua kwa hatua, kanda ikiwa ndani ya mfuko wa shati lake. Mpaka mwezi uliopita, akaniambia, mama alikuwa bado akiuliza kama mafundi wa siku hizi wanaweza kuipata sauti iliyoungua. Alimwuliza yeye, fundi. Mimi Redio, badala ya kusema pole nikauliza gari hupita saa ngapi. Gari lilipotokea kwenye kona akampungia dereva asimame, na nilipokuwa nimeshika mlango akauliza jambo la mwisho.

"Na ile asali," akasema. "Uliikula?"

"Niliikula."

"Yote?"

"Yote," nikasema. Akafunga mlango wa gari, taratibu, akarudi nyumbani kwa mamake.